Ua la Kuacha Kuchoma

Mliniuliza safari ya Kyela ilikuwaje, nami nikawajibu "salama tu" nikageuza mazungumzo. Mwaka mzima nimewajibu hivyo. Baadhi yenu mkadhani naficha ugonjwa, na dada mmoja wa kwaya akaniletea uji wa ulezi, nikaunywa nikiwa nimefunga mlango. Ukweli ni kwamba safari yenyewe ilikuwa haijaisha. Imeisha juzi, saa nne asubuhi, nikiwa jikoni nakata bamia. Kwa hiyo leo nawasimulia yote, na atakayechoka njiani asinilaumu, mliomba wenyewe.

Kwa wale wasiojua vizuri nilikuwa nafanya nini: kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa natafuta mimea ya asili iliyobaki michache, naihesabu, nakusanya mbegu zake, na kuwasumbua watu wasiikate. Marehemu mama aliwaambia majirani kwamba nimesoma sana hadi nikaajiriwa kuangalia majani. Hakuwa mbali na ukweli. Miezi miwili kabla ya kustaafu, kulikuwa na mmea mmoja ulioninyima usingizi.

Ni ua dogo jeupe lenye koo jekundu. Linatoka kwenye tunguu lililojibana katika nyufa za mwamba, juu ya Ziwa Nyasa, pale milima ya Livingstone inapoingia majini. Nililiona nikiwa msichana, nikiwa nambebea mwalimu wangu makaratasi. Tangu hapo nimelitafuta kila mahali na sijaliona kwingine. Linachanua mwisho wa kiangazi kabla ya kutoa majani, mbegu zinakomaa kwa siku chache, na mvua kubwa ya kwanza inazipasua na kuzisukuma ziwani. Mara mbili nilishakwenda nikakuta mvua imenitangulia. Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Jumatatu moja Ambakisye akanipigia simu. Huyu ni bwana shamba mstaafu wa Lyulilo, karibu na Matema, ndiye aliyetuongoza ile mara ya kwanza.

"Dokta, lile ua lako limetoka."

Mtandao ulikuwa mbaya, nikapiga kelele hadi paka akakimbia. "Waambie watu wa kule nakuja kwa ajili ya hifadhi ya hilo ua! Hifadhi! Umesikia?"

"Nimesikia, Dokta. Hifadhi."

Simu ikakatika. Nilifurahi kwamba amelisikia neno lenyewe, kwa sababu ndilo nililoona la maana.

Morogoro hadi Mbeya

Basi liliharibika kabla ya kufika Makambako. Fundi aliingia uvunguni, akatoka, akaingia tena, na kila alipotoka alisema "dakika kumi". Tulikaa pale toka mchana hadi jua linaelekea kuzama. Abiria wenzangu walinunua mahindi ya kuchoma, wakatandika kanga, wakapiga soga. Mimi nilisimama barabarani nikiangalia mawingu ya kusini.

Nilimuuliza dereva kama kule Mbeya imenyesha. Hakujua. Nikamuuliza muuza mahindi. Nikamuuliza padri mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Mwisho mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, njoo ukae. Hata ukiyatazama, mawingu hayakujui." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini hindi langu nilimpa padri.

Tukafika Mbeya usiku, nikalala na viatu.

Mbeya hadi Kyela

Asubuhi nilipata kiti pembeni ya mwanamke aliyejitambulisha kama Mama Zaituni, mfanyabiashara wa vitenge. Ana dada yake Karonga, upande wa Malawi, na huvuka mpaka wa Kasumulu kama mimi ninavyovuka barabara kwenda dukani. Alikuwa na kikapu cha ndizi mbivu na hakukubali mtu akae karibu naye bila kula.

"Unakwenda kwa nani huko Matema, dada yangu?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kwa ajili ya hifadhi ya mmea."

Akaacha kumenya ndizi. "Hifadhi? Wanahamishwa lini?"

Nikacheka. "Hakuna anayehamishwa. Ni ua tu, dogo hivi."

"Ndivyo zinavyoanza. Kwa shangazi yangu walianza na ndege. Vindege vya kuenea kiganjani. Sasa shangazi anaishi kwa mwanawe na shamba lake lina bikoni za mpaka wa hifadhi."

Nilimweleza. Mnanijua nikianza kueleza. Nilimweleza kuhusu matunguu, mbegu, tofauti ya kuhifadhi mmea na kutangaza eneo la hifadhi, yote hayo tukiteremka kutoka Tukuyu huku nikichungulia wingu jeusi lililokaa juu ya Rungwe. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akanipa ndizi nyingine, nadhani ili ninyamaze.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mwanamke mwenye akili timamu alikuwa amenionyesha jinsi neno langu linavyosikika, na mimi nikamfanya mwanafunzi. Nalikumbuka hilo na bado naona aibu.

Kyela, kwa kupitia Bujonde

Kyela mjini joto lilinipokea kama blanketi. Gari la kwenda Matema lilikuwa limeondoka, na lililofuata halikuwa na habari njema, gurudumu moja lilikuwa limewekwa chini likitazama mbingu. Nikapata lifti ya lori la kakao. Dereva, Gwakisa, alinihakikishia kwamba anakwenda Matema.

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, mama. Tunapitia Bujonde tu kwanza."

Bujonde haiko njiani, mtu yeyote wa Kyela angeniambia. Na kakao tuliyoifuata ilikuwa bado mbichi, imeanikwa kwenye mikeka nje ya nyumba ya mzee mmoja na mkewe. Mwenye nyumba alichukua punje moja, akaivunja kwa kucha, akatikisa kichwa. "Kesho," akasema. Gwakisa akavua viatu na kukaa kabisa.

Nilitaka kulia. Nikaketi kwenye kigoda nikihesabu siku kwa vidole. Siku ya pili ilikuwa inaisha tangu nitoke nyumbani, na nilikuwa sijaliona ziwa hata kwa mbali. Mama mwenye nyumba akanipasulia tunda la kakao, akaniambia nifyonze ule ute mweupe na punje nizitemee kwenye beseni. Mtamu mno. Hata wasiwasi wangu ulinyamaza kidogo.

Gwakisa alipowaambia mimi ni dokta, mzee akageuka papo hapo na kunionyesha mgongo wake.

"Mimi ni dokta wa mimea, baba."

"Vizuri. Basi nipe mmea wa mgongo."

Niliwaeleza kwamba sitibu mtu. Walikubali kwa vichwa, na baada ya wali na samaki wa mbasa, jirani mmoja akaja na goti lake.

Alasiri ngurumo ikapiga, na hapo sote tukaruka. Mikeka ilikunjwa, kakao ikaingizwa ndani kwa mabeseni, mapazia, hata kwa kitenge changu. Nilikimbia kama mwizi. Mama mwenye nyumba alinitazama jasho linanitiririka akasema, "Mbombo ngafu," yaani kazi ni ngumu, "lakini wewe unaipenda kakao kuliko sisi." Hakujua kwamba kila tone lililoanguka kwenye bati nililisikia likianguka kwenye mwamba wangu. Yalikuwa manyunyu tu. Yalikoma. Hata hivyo sikulala vizuri.

Kesho yake ilikuwa kesho kweli, lakini ya saa tisa mchana.

Lyulilo

Nilifika sokoni Lyulilo jioni ya Alhamisi. Mitumbwi ilikuwa imeshusha vyungu, vimepangwa mchangani kwa ukubwa, vile vyekundu vyenye michoro myeupe ambavyo Wakisi hufinyanga kule ng'ambo ya rasi. Mchanga ulikuwa mkavu. Niliinama nikaushika ili kuhakikisha, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ambakisye alinipokea kwa salamu ndefu kuliko kawaida. Akauliza habari za watoto, za kazi, za basi, akauliza tena za watoto. Hakunitazama usoni.

"Tuvuke sasa hivi," nikasema.

"Ziwa limechafuka, Dokta."

Ziwa lilikuwa limetulia, naliona. "Basi alfajiri."

"Tutaona."

Nilimkasirikia. Nilifikiri uzee umemfanya mvivu. Nikawaendea wanawake wawili waliouza vyungu nikawasalimu, "Ugonile," kwa fahari ya mtu anayejua neno moja la Kinyakyusa. Mmoja aliitika kwa Kiswahili, kifupi. Mwingine akavuta vyungu vyake karibu na miguu yake, kama mtu anayeona mbuzi akipita. Ambakisye alisimama nyuma yangu na kusema taratibu, si kwangu wala si kwao, "Huyu ndiye wa hifadhi." Na mimi, jamani, nikatabasamu.

Kwa mtumbwi hadi kwa wafinyanzi

Asubuhi tukavuka, Ambakisye akipiga kafi bila kuzungumza. Milima upande wa kushoto ilikuwa imevaa wingu hadi kiunoni. Nilikuwa na mfuko wangu wa miaka yote, na ndani yake bahasha za khaki za kuwekea mbegu, magazeti ya zamani, na kijiko cha chakula ambacho nachimbia.

Katikati ya safari akasema, "Dokta, mimi niliwaambia kama ulivyoniagiza."

"Ahsante sana."

"Niliwaambia neno lenyewe. Sikuongeza kitu."

"Umefanya vema, baba."

Akaendelea kupiga kafi.

Mwamba uko juu ya kijiji, mwendo wa nusu saa kwa miguu michanga, wa saa nzima kwa yangu. Nilipanda nikihema, nikijiambia maua yatakuwa yameshafunga mbegu, nikipanga nitaanza na nyufa za juu. Nilipofika sikuelewa nilichokiona. Nyufa zilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na mashimo, na udongo mweusi uliofukuliwa umetawanyika juu ya jiwe. Petali moja ilikuwa imekauka na kung'ang'ania mwambani. Nilizunguka kila upande nikiingiza vidole kila shimo. Hakuna kitu.

Nilikaa chini. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa imeniandaa kwa mbuzi, moto, maporomoko, barabara, hata wezi wa maua. Nililia kwa sauti, na sioni haya kuwaambia.

"Nani?" nikamuuliza Ambakisye. "Lini?"

Alikuwa amevua kofia. "Jumatatu, jioni ileile. Niliwaambia Dokta anakuja kwa ajili ya hifadhi. Wakasema, anataka nini? Nikasema ua. Wakasema, basi ua lisiwepo, hakutakuwa na hifadhi."

Jumatatu. Nikiwa bado nyumbani natafuta soksi. Nilikuwa nimeyatazama mawingu nchi nzima, nimemchukia fundi, Gwakisa na kakao ya watu, na hakuna hata mmoja wao aliyenichelewesha. Hata ningepewa ndege ningekuta mashimo. Mharibifu nilikuwa mimi, kwa simu, kwa neno nililolirudia mara mbili ili lisikike.

Nilishuka kijijini nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumwangukia. Wanawake walikuwa uwanjani wakipanga vyungu vibichi juu ya kuni na nyasi tayari kuvichoma. Waliponiona wakasimama. Aliyekuja mbele alikuwa mama wa umri wangu, mikono imepakwa udongo hadi kwenye viwiko. Ambakisye akasema ndiye Mama Salome, na wenzake humsikiliza.

"Bikoni ziko wapi?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Sina bikoni, mama."

"Fungua mfuko."

Nikaufungua. Akatoa bahasha, akatoa magazeti, akatoa kijiko na kukiinua juu wenzake wakione. "Anakuja kuchukua nchi kwa kijiko," akasema, na wanawake wakacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wameogopa muda mrefu.

Nikawaambia nimekosea neno. Niliwaambia kwamba ofisini kwetu tunaposema hifadhi tunafikiria mbegu ndani ya bahasha, tumesahau kwamba wenzetu wanafikiria nyumba zao. Nilitaka kusema kutunza. Nikawaambia lile ua sijaliona popote pengine duniani, na kwamba sasa halipo hata hapo.

Mama Salome alinitazama kana kwamba nimesema kuna watu hawana jua. "Halipo kwingine?"

"Halipo."

"Sasa huko kwingine wanajuaje wakati wa kuacha kuchoma?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mimi nilivyomweleza Mama Zaituni. Vyungu vyao huchomwa uwanjani, hewani. Mvua ikivikuta motoni, vinapasuka vyote na kazi ya wiki nyingi inakwisha. Kwa hiyo wanatazama mwambani. Ua likitoka, wanachoma vilivyobaki haraka haraka, na mbegu zikianza kugeuka kahawia hakuna anayewasha tena. Jina lake kwa Kikisi linasema hivyohivyo, acheni kuchoma. Mama yake alilitumia na bibi yake pia.

Mimi zamani nilimuuliza Ambakisye jina la ua hilo. Ni Mnyakyusa, tena mwanamume, hajawahi kuchoma chungu, akanijibu halina jina. Nikaandika hivyo kwenye karatasi ya sampuli, na nikalipa jina la Kilatini la kumheshimu mwalimu wangu. Sikuwahi kumuuliza mfinyanzi hata mmoja.

"Na bado mliling'oa," nikasema.

"Tungefanyaje? Bila ua tunaweza kubahatisha mvua. Bila nchi tunabahatisha nini?"

Mama Salome akapangusa mikono kwenye kitenge, akazunguka nyuma ya nyumba yake, na aliporudi alikuwa amekumbatia chungu kikubwa chenye ufa toka mdomoni hadi tumboni, kimefunikwa jani la mgomba.

"Mengine tulitupa ziwani," akasema. "Haya mkono ulikataa."

Ndani, kwenye mchanga wenye unyevu, kulikuwa na matunguu kumi na saba. Mashina yote yalikuwa yamevunjika, mbegu hakuna hata moja. Lakini nilipoligusa la juu lilikuwa gumu, zima. Nikaikunjua bahasha.

Mama Salome akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa chungu. "Ukiyachukua wewe, mwakani tutajuaje?"

Wenzangu wa kazi watanielewa. Kila nilichosoma kilisema chukua nusu, upeleke bustani salama, usiweke yote mahali pamoja. Na ni kweli. Lakini pale palipokuwa salama kwa vizazi vyote hivyo palikuwa hapo, mbele ya macho ya wanawake hawa, hadi siku niliyopiga simu. Niliomba nane. Akanipa matatu. Nikasema ndaga fijo, asante sana, na nilimaanisha.

Yale kumi na manne tuliyarudisha mwambani wenyewe, wanawake sita na mimi na kijiko changu. Wao walijua kila ufa uliokuwa na ua, hata zile ambazo sikuwahi kuziandika. Tulikuwa tunashindilia la mwisho mvua ilipoanza, kubwa, ya kweli. Chini kule uwanjani mtu akapiga kelele, na Mama Salome akaangua kilio cha hasira: vyungu vilikuwa vimepangwa, havijafunikwa. Tukateremka tukianguka anguka. Sikuokoa zaidi ya vitatu, na kimoja nilikivunja mwenyewe.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na lolote. Magari yote yalifika kwa wakati, kwa sababu sikuwa na haraka.

Yale matatu niliyapanda bustanini Morogoro. Mawili yalioza. La tatu likatoa jani moja, likakauka kiangazi, na limenyamaza hadi leo. Nikastaafu, mkanipa saa ya ukutani na hotuba nzuri kuhusu mimea niliyoiokoa, nami nikakaa mbele yenu nikifikiria mashimo kwenye jiwe. Matunguu yaliyong'olewa yakiwa na ua yanaweza kufa bila kuonyesha dalili. Sikumpigia Ambakisye. Niliogopa kuuliza, na baada ya yale niliogopa kusema chochote kwenye simu.

Juzi simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Dokta, ndaga. Ni Salome."

Nikaacha kisu. Akaniuliza habari za watoto. Akanieleza kwamba Ambakisye mguu unamsumbua, kwamba udongo wa mwaka huu una mchanga mwingi, kwamba binti yake kajifungua. Niliitikia yote. Mwisho nikajikaza.

"Mvua imeanza huko?"

"Bado kabisa. Jua kali."

"Basi mnachoma vyungu vingi."

"Hatuchomi," akasema. "Tumeacha tangu jana."

Nilikaa sakafuni, hapohapo, kati ya vikonyo vya bamia. Nikamuuliza yametoka maua mangapi, yako kwenye nyufa zipi, mangapi yamefunga mbegu, kama mtu anayedai kitu.

"Mama, sijahesabu," akasema. "Nina vyungu vya kufunika."